Mshono wa Mkono wa Kulia

Picha uliiona. Usiseme hukuiona, maana ilibandikwa kwenye ubao wa habari langoni pa chuo cha tenisi, ikachapwa gazetini, ikazunguka kwenye simu mpaka ikachoka. Msichana wa miaka kumi na minne, shati jeupe la mikono mirefu, kombe kaliinua juu ya kichwa, meno yote nje. Chini yake maandishi makubwa: KOMBORA HASHIKIKI. Ukatabasamu. Ukasema watoto wa siku hizi wana vipaji. Ukafungua ukurasa mwingine.

Ulitazama kombe. Mikono iliyolishika hukuitazama. Wa kushoto ulikuwa mkono wa mtoto. Wa kulia ulikuwa umeshindilia shati kama gunia lililojazwa kupita kiasi, kiganja kimekolea weusi wa zambarau, na pete ya uzi aliyoivaa kidoleni imezama nyamani. Yote hayo yalikuwa pale pale pichani. Na kabla ya picha hiyo palikuwa na ya mvulana aliyesifiwa kucheza mpaka goti likakataa kukunjika. Kabla ya huyo, mapacha walioangushwa na jua mchana kweupe. Ubao uliwasifu, ukawabandua, na wewe ukawasahau. Tupo tusiosahau.

Basi kaa usikie.

*

Mama wa msichana yule watu wote walimwita Fundi. Ndiye aliyeshona mashati ya chuo kizima, kwa cherehani ya miguu iliyokaa dirishani, katika chumba ambamo kitanda, meza na cherehani viligombea nafasi kama abiria. Mumewe alikuwa dereva wa basi dogo la chuo. Bibi, mama yake Dereva, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua maharage na kuchambua watu.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali kuu, Kombora alirudi kutoka mazoezini mapema, shati mkononi.

"Mama, mkono unabana tena."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

Fundi akacheka. Hakuna kilichompa raha kama swali hilo na jibu lake. Tangu mtoto achukuliwe chuoni alikuwa ameuachia mshono ule mara kwa mara, na kila alipouachia aliwahadithia wateja: mwanangu mkono unajaa, ni misuli ile, mpira haupigwi kwa kijiti. Kocha mwenyewe alishamwambia kwamba kila mchezaji wa maana mkono mmoja humzidi mwenzake. Safari hii kitambaa cha kuachia kilikuwa kimekwisha. Ikabidi akate kipande kipya akitie kutoka kwapani hadi kiwiko.

"Mwakani tutakushonea mkono wa turubai," akasema, akipiga pedali.

"Na wa kushoto?" Bibi akauliza.

"Wa kushoto uko vilevile, mama."

"Mimi nimetwanga ujana wangu wote kwa mkono huu. Haukunijaa hivyo."

"Bibi, kutwanga si tenisi," Kombora akasema.

"Sawa. Kutwanga watu walikuwa wanakula."

Wakacheka wote watatu. Bibi akamnyooshea mjukuu kikombe cha chai, na Kombora akakipokea kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini unapokea kwa mkubwa kwa mkono huo?"

Msichana akahamishia kikombe mkono wa kulia. Hakikuteleza, wala hakuwa amejikwaa. Vidole vilifunguka tu, polepole, kama vya mtu anayesinzia, na kikombe kikaanguka sakafuni kikapasuka. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Njoo hapa," Fundi akasema.

Alimketisha mbele yake, akailaza mikono yote miwili mapajani pake, mmoja karibu na mwingine. Miaka yote ile alikuwa ameupima wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa na joto la mwanawe. Wa kulia ulikuwa baridi, mzito, na alipoubonyeza kwa kidole gumba palibaki shimo. Akafungua kola. Kuanzia begani hadi kifuani mishipa ilikuwa imetapakaa chini ya ngozi kama mizizi inayotafuta maji.

"Unauma?"

"Hauumi sana. Mzito tu. Nikipumzika unapungua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kombe."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia Kocha. Akasema misuli." Msichana aliinamisha uso. "Na wewe ulisema misuli, mama."

Kipande cha kitambaa kilikuwa bado kimening'inia kwenye sindano, nusu kimeshonwa.

*

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alianza kwa kumtania Kombora, eti amsainie mkono wa gauni. Kisha akaushika mkono wenyewe, na utani ukamkauka mdomoni. Akamwambia apande ngazi za mlangoni na kushuka. Ngazi zilikuwa chache, lakini mtoto aliyezoea kukimbia uwanjani kutwa nzima alirudi akihema mdomo wazi.

"Nani alisema ni misuli?"

"Watu," Fundi akasema.

"Mwanangu, hebu kaa pale nje kivulini." Mlango ulipofungwa, muuguzi akashusha sauti. "Mama, mimi si daktari na hapa sina mashine. Lakini hiki kitu nakiogopa. Mshipa unaorudisha damu kutoka mkononi unapita hapa, chini ya mfupa huu wa mtulinga. Mtoto anapiga mpira kutoka juu, kutwa kucha, mshipa unasagwa. Damu ikisimama inaganda. Bonge likikatika linasafiri hadi kwenye mapafu."

"Likifika huko?"

"Likiwa kubwa, hamtawahi kufika hospitali."

Fundi akageuka kuutazama mlango uliofungwa.

"Mpeleke hospitali kubwa leo," muuguzi akasema. "Mkono usipande juu ya bega. Asikimbie. Raketi asiiguse."

"Kesho ana fainali."

"Kesho hana fainali, mama. Kesho ana pumzi au hana."

*

Hospitali kubwa haikupokea mtu bila kadi ya matibabu, na kadi za wachezaji zilikaa kwenye droo ya Kocha. Ndivyo chuo kilivyopanga: mtoto ni wa mzazi anapolala, anapoumwa ni wa chuo. Fundi alimwacha Kombora kwa Bibi, akamfuata mumewe kwenye maegesho, wakaenda wote wawili.

Njiani walipita ubao wa habari. Pale chuoni walikuwa na kawaida yao: habari za Jumamosi huandikwa Ijumaa, zikabandikwa na kufunikwa kwa kijipazia cha buluu, ili wafadhili wakivuta kamba baada ya mchezo wapigwe picha habari ikiwa moto. Pazia lile Fundi alilishona mwenyewe. Akalifunua kidogo. KOMBORA BINGWA. Picha ilikuwa ni ile ile ya kombe. Mchezo haukuwa umechezwa, na mwanawe alikuwa ameshashinda, ameshashangiliwa, ameshakwisha. Fundi akaliachia pazia kama aliyegusa jiko.

Ofisini palikuwa na viti vitatu vitupu. Kocha hakuwaonyesha hata kimoja.

"Dereva. Kuna nini?"

Dereva alivua kofia. "Shikamoo, Kocha. Ni mtoto. Mkono wake. Nesi anasema..."

"Nesi wa wapi?"

"Wa zahanati."

"Amewahi kushika raketi huyo nesi?" Kocha akageukia mkoba wa Fundi. "Shati limekwisha?"

Na Fundi, aliyekuja kuomba uhai wa mwanawe, akafungua mkoba akampa shati. Alikuwa amelimalizia kipande kile kwa sindano ya mkono pale maegesho, wakati akimsubiri mumewe arudi na basi, kwa kuwa mikono yake haikujua namna nyingine ya kusubiri. Baadaye alijilaumu kwa tendo hilo kuliko yote.

"Safi," Kocha akasema, akiukagua mshono. "Wewe ni fundi hasa."

"Kocha, tunaomba kadi. Leo. Tumpeleke akapimwe."

"Kadi nitatoa Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali."

"Mama, kila wiki ya fainali wazazi wananiletea ugonjwa. Huyu tumbo, yule jino. Mtoto akishinda, ukoo mzima unapona." Akacheka. Dereva naye akacheka, kidogo, kofia kifuani. Fundi alikisikia kicheko kile kikimpita mbavuni.

"Nitampaka dawa mwenyewe," Kocha akaendelea. "Wafadhili wanakuja kwa ajili yake. Nafasi yake ina watoto foleni pale nje. Na basi, Dereva, nalo lina madereva foleni. Sisemi kitu. Nawakumbusha tu."

Walitoka bila kuagana. Walikuwa wamefika mbali ndipo Fundi aliposema, "Ulicheka."

"Nilicheka kwa woga."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukukasirikia, na ndiyo maana nakuogopa."

"Mama watoto, tukifukuzwa tutampeleka hospitali na nini? Jumatatu si siku tatu tu?"

"Kesho hatoki ndani."

"Haya."

"Niapie."

"Nimesema haya," Dereva akajibu, akitazama viatu vyake.

*

Usiku ule Fundi alikaa kando ya kitanda cha mwanawe akisikiliza pumzi. Kulipoanza kupambazuka usingizi ukamwiba. Alipozinduka jua lilikuwa dirishani, na msumari wa kutundikia raketi ulikuwa mtupu.

"Wameondoka," Bibi akasema mlangoni. "Mtoto alimlilia baba yake. Eti mchezo mmoja tu, baba, wa mwisho, kisha nitalala hospitali mwezi mzima. Mwanangu hajawahi kumkatalia yule. Niliwazuia kwa gongo langu, wakanipita kama mlango."

Fundi alitoka mbio kama alivyokuwa, utepe wa kupimia shingoni, mkasi kwenye mfuko wa aproni.

Uwanja ulikuwa umejaa. Chuoni pale sheria ilikuwa wazazi nje ya waya, na nje ya waya walikuwa wamebanana, wakiimba jina. Fundi alijipenyeza mpaka pua ikagusa waya.

"Mama Kombora," mwanamume mmoja akamwambia kwa furaha, "leo usitusahau sisi majirani."

Hakumsikia. Alikuwa anamtazama mwanawe akitaka kuanzisha mpira. Kombora aliurusha hewani, na kiwiko cha kulia kikapanda kwa kusukumwa na mkono wa kushoto. Mpira ukaingia wavuni. Watu wakaguna. Akaurusha tena. Mdomo ulikuwa wazi kama wa samaki aliyetolewa majini, na kila alipomaliza kupiga alipeleka kiganja kifuani, akakiondoa haraka, asionekane. Fundi peke yake alikiona, kwa sababu peke yake hakuwa anafuata mpira.

Wachezaji wakaenda kukaa kabla ya kubadilisha upande. Fundi akafika kwenye kilango.

"Mama, wazazi ni huko huko," mlinzi akasema.

"Sikuja kama mzazi. Nimekuja kurekebisha shati."

Mlinzi akautazama utepe shingoni, akafungua. Mama wa mtoto hakuruhusiwa kupita. Fundi wa mashati alipita.

Alivuka uwanja kwa mwendo wa kawaida, kama anayekwenda kisimani. Kombora alipomwona alikunja uso.

"Mama, nimebakiza seti moja tu. Tafadhali."

"Najua, mwanangu."

"Watu wanatuangalia. Unaniaibisha."

"Waangalie. Wamekalia viti vya mbele ili waangalie."

Akapiga goti, akashika pindo la mkono wa kulia wa shati, akatia mkasi. Alikata kutoka kifundoni hadi begani, akipita juu ya mshono wake mwenyewe, ule wa jana na ile ya zamani chini yake. Kitambaa kikaachana. Mkono ukatoka nje kwenye jua, umevimba, mweusi wa zambarau, unang'aa, na mishipa ikipanda shingoni. Nyimbo zilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili. Katika viti vya mbele, vya wafadhili, bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua aliinua pochi yake akajikinga uso.

"Nani kamruhusu fundi kuingia?" Kocha akauliza. Hilo ndilo alilouliza.

Kombora alijaribu kusimama afunike mkono. Akakaa tena. "Mama," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kama ya alipokuwa mchanga. "Kifua. Hewa haiingii."

Fundi alimbeba. Alikuwa amekua, mguu mmoja ukiburuta, na watu waliokuwa wakiimba jina lake walimpisha mama njia bila hata mmoja kuinua huo mguu. Kocha alitembea kando, akisema polepole, kwa tabasamu la kupigiwa picha, "Tulia, mama, tumsubiri daktari wa chuo. Tulia, mama." Basi dogo lilikuwa langoni, na Dereva nyuma ya usukani, ameshika funguo bila kuwasha gari.

"Dereva," Kocha akasema. "Basi hilo halitoki. Lina kazi ya kurudisha wafadhili."

Dereva alimtazama Kocha. Akamtazama mwanawe, kichwa kimelala begani kwa mama yake, midomo imepauka. Alifungua mdomo na kwa kitambo ilionekana kama atacheka tena kile kicheko.

"Funga mlango, mke wangu," akasema, akawasha gari.

*

Hospitali iliwapokea bila kadi, baada ya Fundi kuacha pete yake ya ndoa dirishani na Dereva leseni yake. Mchana ule wote walikaa kwenye benchi wakitazama mlango usiokuwa na dirisha. Kila ulipofunguliwa waliinuka, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Dereva alisema mara moja tu, "Mimi ndiye niliyempeleka." Fundi akajibu, "Na mimi ndiye niliyeuachia mshono." Mkono wa mmoja ukaushika wa mwenzake.

Daktari alipotoka hakuwa na tabasamu. Damu iliganda begani, vipande vimeshafika mapafuni. Vidogo. Seti moja zaidi na asingekuwa anazungumza nao hivyo. Mtoto anapumua kwa mrija. Usiku wa leo na wa kesho ndio wa kuogopa. Ule mkono utashika kijiko, utashika kalamu. Raketi, hapana.

Kabla daktari hajamaliza alifika mtu kutoka chuoni. Alisimama kando kwa adabu, kisha akaomba funguo za basi. Dereva akazitoa.

"Na shati," mtu yule akasema, akiona haya kidogo. "Kocha anauliza lile shati lililokatwa litalipwa na nani."

Fundi alikuwa nalo mapajani. Akalikunja, akalifumbata kifuani, na yule mtu akainamisha macho, akaondoka mikono mitupu.

Jioni ile wafadhili walirudi makwao kwa gari la kukodi, na pazia la buluu likavutwa bila kupigwa picha. Habari mpya ilikuwa imebandikwa juu ya ile ya zamani, gundi bado mbichi: KOMBORA AJIONDOA. SABABU ZA KIFAMILIA. Wiki iliyofuata ikabanduliwa. Sasa pana mvulana pale, wa miaka kumi na moja. Wanamwita Radi.

*

Kombora alivuka zile siku mbili. Amerudi nyumbani, anakaa kitandani, anahema akienda chooni. Kila akikohoa Fundi husimamisha cherehani. Dereva hutoka asubuhi kutafuta kazi, na kila penye basi anaulizwa mbona chuo kilimwacha.

Leo mchana aliingia mteja, mama mwenye uso wa furaha, kabeba shati jeupe dogo.

"Fundi, pole na mgonjwa. Nimekuletea kazi ya haraka. Radi wangu ana mchezo leo jioni, na mkono wa kulia unabana. Uuachie kidogo." Akacheka, akiona raha. "Ni misuli hiyo, ndugu yangu. Mipira ile haipigwi kwa kijiti."

Fundi alilishika shati. Akageuza mkono ndani nje. Mshono ulikuwa umeshaachiwa mara moja, na mishono ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Hakukumbuka hata siku aliyouachia. Kitandani Kombora aliinua kichwa kulitazama shati.

"Yuko wapi mtoto?" Fundi akauliza.

"Uwanjani, anajiandaa. Kwani vipi?"

Fundi alikuwa ameshasimama. Bibi alikuwa ameshampa kitambaa chake cha kichwa.

Wamekimbilia uwanjani, wanawake wawili, mmoja akijua na mwingine akiuliza. Langoni mlinzi sasa ameambiwa asimfungulie fundi. Wako nje ya waya. Wanaita, na wale wanaoimba jina la Radi wanaimba kwa nguvu zaidi ili wasiwasikie.

Wewe utawasikia? Una mtoto anayecheza, au mpwa, au mtoto wa jirani ambaye picha yake umeipenda sana. Weka chini unachosoma. Nenda ulipo huo ubao, halafu upite ubao, uingie ndani ya waya, nao wakikuzuia kama mzazi ingia kama fagio, kama ndoo ya maji, kama fundi. Mkamate mtoto mikono yote miwili, uilaze sambamba, uitazame wote. Usingoje Jumatatu. Inuka.